Kumliwaza Mgonjwa na Kumtibu: Sonona katika Kliniki za Saratani

Kitenzi kusononeka, ambacho wazungumzaji wa Kiswahili wamekitumia tangu zamani kueleza uchungu unaomla mtu ndani kwa ndani bila yeye kupiga kelele, ndicho kilichowapa wataalamu wa afya ya akili nchini Tanzania istilahi sonona, yaani ugonjwa unaomwondolea mtu furaha, hamu ya mambo aliyoyapenda, usingizi, nguvu na matumaini kwa muda usiopungua wiki mbili mfululizo, kiasi cha kumfanya ashindwe kuyaendesha maisha yake ya kila siku. Nchini Kenya waandishi wengi huuita unyogovu, na mitaani, pande zote mbili za mpaka, watu husema tu kwamba fulani ana mawazo. Majina yote haya yanafaa, mradi lisisahaulike jambo ambalo mhadhara huu unalishikilia tangu mwanzo: sonona ni ugonjwa wenye dalili zake, vipimo vyake na tiba yake, na mgonjwa wa saratani anapoupata huwa ana magonjwa mawili, wala wa pili si kivuli cha wa kwanza.

Msisitizo huo unahitajika kwa sababu fikra iliyoenea, hata miongoni mwa wauguzi na madaktari wenye huruma, ni kwamba mtu aliyeambiwa ana saratani hana budi kuhuzunika, na kwa kuwa hana budi kuhuzunika, basi hakuna cha kutibu. Sehemu ya kwanza ya fikra hiyo ni kweli. Machozi, hofu na hasira baada ya majibu ya kipande cha nyama kilichopimwa maabara ni mwitikio wa binadamu yeyote, na mara nyingi hupungua wiki zinapopita, mgonjwa anapoijua ratiba ya matibabu yake na kuwaona watu wake wamesimama naye. Sehemu ya pili si kweli. Mwaka 2011 Alex Mitchell na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet Oncology uchambuzi wa tafiti 94 ambamo wagonjwa walihojiwa ana kwa ana kwa kufuata vigezo rasmi vya utambuzi, badala ya kujaziwa dodoso peke yake, wakakuta kwamba katika huduma za saratani takriban asilimia 16 ya wagonjwa walikuwa na sonona, yaani mtu mmoja katika kila watu sita. Watano waliobaki nao wana saratani, nao wanapita katika mionzi na dripu zile zile, lakini hawana sonona. Kama saratani ingeleta sonona kama moto unavyoleta moshi, hesabu hiyo isingewezekana. Tafiti hizo kwa sehemu kubwa zilifanyika katika nchi zenye uwezo, ambako dawa za maumivu hupatikana kwa urahisi zaidi na wagonjwa wengi hugunduliwa mapema, kwa hiyo hakuna sababu ya kudhani kwamba hali ya Afrika Mashariki ni nafuu kuliko hiyo.

Swali la mhadhara huu hata hivyo ni jembamba kidogo kuliko hilo, nalo linawahusu wale ambao tayari wanapata huduma ya kisaikolojia. Mtu angetarajia kwamba kwa wagonjwa hao tatizo limekwisha kupatiwa mlango wa kutokea. Sivyo inavyokuwa, kwa sababu neno huduma ya kisaikolojia hubeba mambo mengi yasiyolingana. Katika hospitali moja huwa na maana ya mwanasaikolojia aliyesomea kazi hiyo, anayemwona mgonjwa kila wiki kwa saa nzima. Katika nyingine huwa ni afisa ustawi wa jamii mwenye mamia ya wagonjwa, ambaye kwa haki kabisa hutumia muda wake mwingi kutafuta nauli na msamaha wa gharama. Mahali pengine huwa ni muuguzi mwema anayekaa kitandani kwa dakika tano na kusema pole, jikaze, usiwaze sana, mwachie Mungu. Maneno hayo yana thamani, na anayeyasema huyasema kwa upendo. Lakini ni maneno ya kuliwaza, na mgonjwa mwenye sonona akiambiwa ajikaze huondoka na mzigo zaidi ya aliokuja nao, kwa kuwa sasa ana saratani, ana sonona, na amejua kwamba ameshindwa kujikaza. Kuliwaza humtuliza mtu mwenye huzuni. Kutibu humhitaji mtu anayeuliza dalili kwa utaratibu, anayeandika jibu, anayechagua tiba inayojulikana kufanya kazi, na anayerudi baada ya wiki kadhaa kuuliza tena ili ajue kama tiba hiyo imefanya kazi au ibadilishwe.

Taaluma ya kumwangalia mgonjwa wa saratani kwa namna hiyo haina umri mkubwa. Mwaka 1967 daktari Cicely Saunders alifungua hospisi ya St Christopher's jijini London, akifundisha kwamba maumivu ya mtu anayekaribia kufa yana pande nne zilizoshikana, za mwili, za akili, za jamii na za kiroho, na kwamba upande mmoja ukiachwa, zile nyingine tatu hazitulii. Miaka 10 baadaye, mwaka 1977, daktari wa magonjwa ya akili Jimmie Holland alianzisha huduma ya afya ya akili katika hospitali ya saratani ya Memorial Sloan Kettering jijini New York, na kutokana na kazi yake ikakua taaluma iitwayo saikoonkolojia, yaani elimu ya nafsi ya mgonjwa wa saratani. Upande huu wa dunia hospisi ya Nairobi ilianza mwaka 1990, Hospice Africa Uganda ya daktari Anne Merriman mwaka 1993, na Taasisi ya Saratani Ocean Road ya Dar es Salaam iliundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1996. Tiba shufaa, yaani huduma inayolenga kupunguza mateso ya mgonjwa pasipo kujali kama ugonjwa wenyewe utapona, imepiga hatua kubwa tangu hapo, na mofini ya maji ya kunywa, ambayo Uganda ilitangulia kuieneza, imewaondolea maelfu ya watu maumivu yasiyosemeka. Upande wa akili umebaki nyuma.

Ukubwa wa pengo hilo ulipimwa vizuri huko Scotland, nchi yenye huduma za afya zisizolipiwa na mgonjwa. Mwaka 2014 Jane Walker na wenzake walitoa matokeo ya wagonjwa wa saratani 21,151 waliopimwa sonona walipohudhuria kliniki, ambapo wagonjwa wa saratani ya mapafu waliokuwa na sonona kali walikuwa asilimia 13 na wale wa saratani ya matiti asilimia 9. Na katika wote waliokutwa nayo, asilimia 73 hawakuwa wakipata tiba yoyote inayoweza kuwafaa. Hao walikuwa wagonjwa wanaofika kliniki, wanaojulikana kwa majina, wanaopimwa damu na kupigwa picha. Hawakuwa wamejificha popote. Mgonjwa mwenye sonona mara nyingi ni mtulivu, hasumbui, haiti muuguzi usiku, hujibu kwa kifupi na kuugeukia ukuta, na katika wodi yenye kazi nyingi mtu wa namna hiyo huhesabiwa kuwa mgonjwa mzuri.

Mwaka huo huo wa 2014 kundi hilo la watafiti, likiongozwa na Michael Sharpe, lilionyesha kwamba pengo hilo linazibika. Wagonjwa 500 wenye saratani na sonona kali waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili, moja likiendelea na huduma ya kawaida, ambayo ilimjulisha daktari wa mgonjwa kwamba mtu wake ana sonona na kumwachia aamue, na la pili likapewa huduma iliyopangwa: wauguzi wa saratani waliofunzwa kwa kazi hiyo waliwaona wagonjwa kwa vikao visivyozidi 10 katika miezi minne, wakiwafundisha kutatua matatizo yao moja baada ya jingine na kurejea shughuli walizoziacha, huku daktari wa magonjwa ya akili akiwasimamia wauguzi hao na kushauri dawa zilipohitajika, na alama za sonona zikipimwa tena na tena. Baada ya wiki 24, asilimia 62 ya waliopata huduma iliyopangwa walikuwa wamepungukiwa na dalili zao kwa nusu au zaidi, dhidi ya asilimia 17 ya wale wengine. Tofauti hiyo ni kubwa mno kwa utafiti wa aina hii. Linalopaswa kuangaliwa kwa makini ni kwamba hata wale wa asilimia 17 walikuwa wameshatambuliwa na daktari wao alikuwa ameambiwa. Kujua peke yake hakukutosha, na ushauri uliotolewa bila kufuatiliwa haukutosha pia.

Kabla ya kufuatilia, hata hivyo, kuna kuuliza, na kuuliza kwa Kiswahili kuna ugumu wake ambao vitabu vilivyoandikwa kwa lugha nyingine haviujui. Salamu za Kiswahili zimejengwa juu ya jibu jema. Anayeulizwa habari hujibu nzuri, anayeulizwa hujambo hujibu sijambo, na mgonjwa aliyelala kwa miezi mitatu akiulizwa anaendeleaje husema anaendelea vizuri na anamshukuru Mungu, kwa kuwa kujibu vinginevyo ni kama kumkosea adabu aliyekuja kumjulia hali. Daktari anayeandika katika faili kwamba mgonjwa anaendelea vizuri huwa ameiandika salamu, hajaandika hali. Lakini lugha hiyo hiyo imeacha mlango nyuma ya salamu, kwa maana Mswahili husema nzuri kwanza, halafu akaongeza ila. Ila usingizi hauji. Ila moyo mzito. Ila kifua kimebana, chakula hakipiti, dunia imenichosha, nimekuwa mzigo kwa wanangu. Yote yanayofaa kujulikana hukaa baada ya neno hilo dogo, na mtaalamu asiye na subira ya kulingoja huwa ameshageukia kitanda kinachofuata.

Watafiti wa Afrika Mashariki wameliona hili siku nyingi. Mwaka 2008 Sylvia Kaaya na wenzake wa Dar es Salaam walichapisha matokeo ya chombo cha maswali 19 cha kutambua sonona, kilichojengwa kwa dalili kama zinavyoelezwa na watu wa hapa. Nchini Uganda watafiti walioongozwa na Paul Bolton walianza kwa kuwauliza wanakijiji huzuni iliyogeuka ugonjwa huitwaje kwao, wakapata kwa Kiganda maneno yenye maana ya kujichukia na kujihurumia, kisha wakajaribu tiba ya mahusiano kwa vikundi, yaani tiba inayolenga misiba, migogoro na mabadiliko ya maisha yaliyoizaa sonona. Vijiji 30 viligawanywa kwa bahati nasibu. Vikundi vilikutana kila wiki kwa wiki 16, vikiongozwa na watu wa kawaida wa eneo hilo waliofunzwa kwa muda mfupi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha kuwa waliobaki na vigezo vya sonona kali walikuwa asilimia 6.5 katika vijiji vya tiba na karibu asilimia 55 katika vijiji vilivyongoja. Washiriki hao hawakuchaguliwa kwa kuwa na saratani, na si haki kuuhamisha ushahidi wao wote wodini bila majaribio. Lakini baada ya utafiti ule hoja kwamba tiba ya mazungumzo ni ya Wazungu, au kwamba haiwezekani pasipo mabingwa, haina tena pa kusimama.

Ugumu mwingine wa kutambua uko ndani ya mwili wenyewe. Katika dalili tisa zinazotumiwa kutambua sonona, nne, yaani kukosa hamu ya chakula, kukosa usingizi, uchovu na kushindwa kutuliza mawazo, zinaweza kuletwa na saratani au dawa zake bila sonona kuwapo, na hivyo mgonjwa asiye na sonona huweza kupewa alama nyingi, na mwenye nayo dalili zake zikaandikwa kwa jina la saratani. Mwaka 1984 mtafiti wa Marekani Jean Endicott alipendekeza kwamba kwa wagonjwa wa saratani dalili hizo nne ziwekewe badala: sura ya huzuni na machozi mahali pa chakula, kujitenga na watu mahali pa usingizi, kurudia mawazo mabaya na kujihurumia mahali pa uchovu, na kutochangamka kwa lolote mahali pa kutotulia mawazo. Mwaka uliotangulia Zigmond na Snaith walikuwa wametoa dodoso la maswali 14, saba ya wasiwasi na saba ya sonona, ambalo liliacha kwa makusudi dalili za mwili. Dodoso linalotumika zaidi leo, PHQ-9, lililochapishwa mwaka 2001, lina maswali 9 yenye alama 0 hadi 3 kila moja, jumla ikiwa 27, na anayefikisha 10 huhitaji kuhojiwa kwa kina. Lipo katika Kiswahili na limepimwa katika eneo hili. Dodoso haliponyi mtu na wala si hukumu. Kazi yake ni kumzuia mtaalamu asimpite mgonjwa.

Kuna hali nyingine inayofanana na sonona ambayo inastahili jina lake. Daktari David Kissane wa Australia ameieleza kama kuvunjika moyo: mgonjwa huona kwamba maisha hayana tena maana wala mwelekeo na kwamba hana njia ya kutoka, lakini mjukuu akija na kichekesho bado hucheka, na samaki wa nazi bado humwia mtamu. Mwenye sonona ameipoteza ladha yenyewe. Tofauti hiyo ina faida ya vitendo, kwa kuwa aliyevunjika moyo hufaidika zaidi na mazungumzo yanayomrudishia maana, juu ya maisha aliyoishi, watu aliowalea na mambo anayotaka yasemwe akiwa bado anasikia, wakati mwenye sonona huenda akahitaji pia dawa ndipo mazungumzo yapate pa kushika.

Kwa upande wa chanzo, mhadhara huu unashauri uchunguzi uanze na mambo ya mwili, hata pale mgonjwa anapokuwa ameletwa kwa mwanasaikolojia. Maumivu yasiyotulizwa huleta sonona, na sonona huongeza makali ya maumivu. Mtu ambaye hajalala kwa wiki mbili kwa sababu ya mfupa unaouma apewe mofini ya kutosha kwanza, kisha apimwe upya. Kalsiamu iliyozidi katika damu, ambayo hutokea saratani inapoingia kwenye mifupa, humfanya mtu mzito, mnyamavu na mwenye mawazo yaliyochanganyika. Mionzi ya shingo inaweza kuidhoofisha tezi ya thairoidi na kuleta uchovu na huzuni. Dawa za jamii ya steroidi, ambazo hutolewa kwa wingi pamoja na tiba ya kemikali, huweza kumpandisha mtu moyo leo na kumwangusha kesho kutwa. Kumfanyia unasihi mgonjwa wa namna hii bila kumpima damu ni kumkosea.

Mfano ulio wazi zaidi wa mwili na nafsi kufungamana ni saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, na ambayo wengi hufika nayo hospitali ikiwa imeshavuka hatua za mwanzo. Mwanamke huyo hutokwa na majimaji yenye harufu, na harufu hiyo, kabla hata ya maumivu, ndiyo inayomtoa katika jamii: huacha kwenda msibani na arusini, hukaa mwisho wa daladala, hulala chumba cha peke yake, na watoto hawapandi tena kitandani kwake. Vidonge vya metronidazoli, dawa ya bei ndogo inayoua vijidudu vinavyoleta harufu, huipunguza kwa kiasi kikubwa, na hakuna mazungumzo yatakayomrudisha mtu huyo kati ya watu kabla ya hilo kufanyika. Juu ya harufu huja tuhuma. Kwa kuwa ugonjwa huu hutokana na kirusi cha HPV kinachoambukizwa kwa kujamiiana, wapo wanaomwona mgonjwa kama anayelipa dhambi, na yeye mwenyewe huanza kujihukumu, wakati ukweli wa kitabibu ni kwamba watu wengi waliowahi kujamiiana, waume kwa wake, hupata kirusi hicho wakati fulani, na kwa walio wengi mwili hukiondoa wenyewe. Mnasihi anayemweleza mgonjwa ukweli huo, akaueleza pia mbele ya mumewe, amefanya tiba, kwa kuwa hisia ya hatia ni mojawapo ya dalili tisa. Baada ya mionzi uke huweza kusinyaa na tendo la ndoa likawa la maumivu, jambo linalohitaji kusemwa mapema na muuguzi mwanamke aliyezoea kulisema, kwani ndoa nyingi huyumba hapo bila mtu yeyote kuandika chochote.

Ongeza safari. Kwa miaka mingi Ocean Road ilikuwa kituo pekee cha mionzi nchini Tanzania, mpaka Hospitali ya Bugando ya Mwanza ilipoanza kutoa huduma hiyo, na mpaka leo mtu wa Kigoma au Mtwara hufungasha na kukaa mbali na kwao kwa wiki tano au zaidi, akipigwa mionzi siku tano za kila wiki kwa dakika chache, na saa zote zilizobaki akizikaa na mawazo yake, shamba halilimwi, na simu ikilia ni ya ada ya shule. Mara nyingi ndugu wameshamwomba daktari kwamba mama asiambiwe. Huwa wanataka kumhifadhi. Lakini jina la Ocean Road lenyewe limekuwa jina la ugonjwa, na mama huyo amekaa kwenye benchi pamoja na watu wenye kanga kichwani kuficha nywele zilizopukutika. Anajua, na anajua kwamba wanawe wanajua, na kila upande unaigiza mbele ya mwingine. Upweke wa namna hiyo ni mzito kuliko habari yenyewe. Huduma ya kisaikolojia iliyo bora huwakalisha wote pamoja, kwa kumwuliza kwanza mgonjwa angependa kujua kiasi gani na nani awepo, kisha kusema kweli kwa kipimo hicho.

Kuhusu dawa, yatosha kusema machache. Fluoksetini na amitriptilini zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, na hazimfanyi mtu kuwa mtumwa wake kama inavyohofiwa. Amitriptilini husaidia pia usingizi na maumivu ya mishipa ya fahamu, ingawa huleta ukavu wa choo unaojumlishwa na ule wa mofini. Tahadhari moja isisahaulike: baadhi ya dawa za sonona, hasa paroksetini na fluoksetini, huzuia kimeng'enya cha ini kinachoigeuza tamoksifeni, dawa ya saratani ya matiti, kuwa katika hali yake ya kufanya kazi, na utafiti wa Ontario, Kanada, uliochapishwa mwaka 2010, uliwakuta wanawake waliotumia paroksetini pamoja na tamoksifeni wakifa zaidi kwa saratani ya matiti. Daktari wa akili na daktari wa saratani wasioandikiana wanaweza kumdhuru mgonjwa wao mmoja.

Ipo pia ahadi ambayo huduma hii haipaswi kuitoa. Mwaka 1989 David Spiegel wa Marekani alitangaza kwamba wanawake 86 wenye saratani ya matiti iliyosambaa walifuatiliwa, na wale waliokuwa katika vikundi vya mazungumzo waliishi kwa wastani karibu mara mbili ya wengine. Habari hiyo ilienea duniani. Mwaka 2001 Pamela Goodwin na wenzake wa Kanada waliurudia utafiti huo kwa wanawake 235, wakakuta kwamba vikundi havikurefusha maisha, ila viliwapunguzia dhiki na maumivu wale walioanza nayo kwa wingi. Na Spiegel mwenyewe, kwa uaminifu unaostahili heshima, alitoa mwaka 2007 matokeo ya utafiti wake wa pili ambao nao haukuonyesha kurefuka kwa maisha kwa jumla. Jambo hili lina uzito kwa sababu kila ahadi kwamba moyo mkunjufu huishinda saratani hugeuka kuwa shtaka siku saratani inaposhinda: ndugu husema marehemu alikata tamaa, na wagonjwa waliobaki huogopa kulia. Sonona itibiwe kwa sababu ni mateso, na kwa sababu asiye na sonona humaliza ratiba ya mionzi yake, hula, na huzungumza na watoto wake.

Linalobaki ni lile ambalo wengi hawathubutu kuliuliza. Utafiti wa Sweden wa watu zaidi ya milioni sita, uliochapishwa mwaka 2012, ulionyesha kwamba hatari ya kujiua katika wiki ya kwanza baada ya kuambiwa una saratani ilikuwa zaidi ya mara 12 ya ile ya wasio na ugonjwa huo. Wiki hiyo, katika kliniki nyingi, ndiyo ambayo mgonjwa hutumwa nyumbani kungoja vitanda au fedha. Mtu anayesema Mungu anichukue huenda anaomba dua ya kawaida ya aliyechoka, au huenda anaeleza nia. Hakuna njia ya kutofautisha isipokuwa kumwuliza waziwazi na kwa upole kama amewahi kufikiria kujidhuru, kwa njia gani, na nini kimemzuia, na kumwuliza hakumpandikizii wazo. Sheria nazo zimewafanya watu wanyamaze. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania hulihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, ilhali Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu cha aina hiyo kinapingana na Katiba ya nchi hiyo.

Mgonjwa wa saratani anapofika kliniki hupimwa uzito, joto na damu, na namba hizo huandikwa kila anaporudi, kwa hiyo mabadiliko yake huonekana hata kwa daktari mgeni. Maswali tisa ya sonona hujibiwa kwa dakika chache, hayahitaji mashine wala umeme, na muuguzi yeyote anaweza kufunzwa kuyauliza kwa Kiswahili cha mgonjwa, kulingoja neno ila, na kumpeleka anayefikisha alama 10 mahali panapojulikana. Wasimamizi wa kliniki za saratani, kuanzia zile kubwa za Dar es Salaam, Nairobi, Kampala na Mwanza hadi wodi ndogo za mikoani, wanaombwa kuanza na hilo: ukurasa mmoja ndani ya faili, wenye tarehe na alama, na jina la mtu mmoja anayewajibika kuujaza leo na kuurudia baada ya wiki nne.